Mabwawa Manne, Bonde Moja

Kwenye bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, kuna namba mbili ambazo kwa miaka mingi zilitawala maisha ya Watanzania kuliko hotuba nyingi za bajeti: 698.5 na 690. Ya kwanza ni kimo cha maji, kwa mita kutoka usawa wa bahari, bwawa linapokuwa limejaa. Ya pili ni kimo ambacho maji yakishuka chini yake, mitambo inatakiwa kuzimwa. Kati yake kuna mita nane na nusu tu, na ndani ya mita hizo ndimo ilimokuwa riziki ya kinyozi wa Buguruni, ya fundi anayechomelea mageti Mwanjelwa na ya mwenye mashine ya kusaga kule Moshi. Maji ya Mtera yakishazungusha mitambo ya hapo, yenye megawati 80, huteremka na Mto Ruaha Mkuu hadi Kidatu na kuzungusha mingine ya megawati 204. Magazeti yakiandika kwamba Mtera imeshuka, watu walijua mgawo unakuja, wakaanza kuulizia bei za jenereta.

Tangu hapo mitambo imeongezeka sana, lakini namna tunavyojadili umeme haijabadilika. Mjadala huendeshwa kama wa Simba na Yanga: huyu anashangilia maji kwa kuwa ni nafuu, yule gesi kwa kuwa ni yetu, mwingine jua kwa kuwa halina moshi, na kila mmoja ana orodha ya aibu za mwenzake. Orodha hizo karibu zote ni za kweli, ndiyo maana hazimalizi ubishi. Kila chanzo cha nishati kina siku yake mbaya, iwe ni mwaka wa ukame, usiku, upepo unapotulia au kisima cha gesi kinapofungwa kwa matengenezo. Kukipima chanzo kwa bei yake na moshi wake ni kukipima nusu. Nusu ya pili ni kuuliza siku yake mbaya huangukia lini, na siku hiyo ni chanzo gani kingine kitakuwa bado kimesimama. Nchi ambayo vyanzo vyake vinaanguka siku moja ina chanzo kimoja, hata kama majina ya vituo vyake yanajaza ukurasa.

Tuanze na maji, maana ndiyo yaliyolea gridi ya Taifa. Hale ilianza 1964, Kidatu 1975, Mtera 1988, na Kihansi ikafuata mwanzoni mwa karne hii. Sifa ya kwanza ya maji ni kwamba gharama karibu yote hulipwa mwanzoni. Ukuta ukishajengwa na mitambo ikifungwa, mvua haileti ankara. Sifa ya pili husemwa mara chache ingawa ni kubwa zaidi: bwawa ni ghala. Waendesha gridi wanaweza kuyazuia maji mchana na kuyafungulia saa moja jioni, watu wanapowasha taa, televisheni na pasi kwa pamoja, na mtambo ukaitikia ndani ya dakika chache. Uwezo huo wa kungoja na kuitikia ndio unaoyapa maji thamani kuliko hata unafuu wa bei yake.

Hasara zake hazionekani kirahisi ukiwa mjini. Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, maji yaliyokuwa yakiporomoka korongoni yalielekezwa kwenye handaki la mitambo, na manyunyu ya maporomoko yakapungua mno. Katika manyunyu hayo, kwenye eneo la hekta chache, aliishi chura mwenye rangi ya dhahabu, mwenye urefu wa sentimita mbili hivi, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Wataalamu walimgundua 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza. Yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga maporomoko, na mamia ya vyura hao wakapelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini, na 2012 wale waliozaliana ugenini wakaanza kurudishwa Kihansi. Yapo maneno ya kejeli kwamba chura mmoja amesumbua megawati 180. Lakini kilichodhihirika pale ni kwamba maji ya mto yana wenyewe kabla mtambo haujafika, na mara nyingi wenyewe hao ni watu: mkulima wa mpunga Usangu, mfugaji wa Ihefu, mvuvi wa kamba kwenye delta ya Rufiji. Tangu 1993 Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na sehemu kubwa ya sababu ni mahitaji ya watu walio juu ya mto.

Siku mbaya ya maji, basi, ni ukame, na tumeshaiona mara nyingi. Mwaka 2006 ulikuwa wa mgawo mkali, 2011 ukarudi, Oktoba 2015 mitambo ya maji ilizimwa kwa kuwa mabwawa hayakuwa na maji ya kutosha. Gharama ya siku hizo haikuwa giza peke yake. Nchi iliyoshikwa na ukame hununua umeme kama mgonjwa anayenunua dawa usiku, bila nafasi ya kuulizia bei duka la pili. Mitambo ya dharura inayotumia mafuta hukodiwa kwa haraka, na umeme wake huwa ghali mara kadhaa kuliko ule wa maji. Haraka hiyo hulipiwa hata nje ya ankara: mkataba wa dharura na kampuni ya Richmond, uliosainiwa 2006, ulichunguzwa na Bunge, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, ingawa mwenyewe alikana kuwa na kosa. Anayesema umeme wa maji ni wa bei rahisi anasema kweli, mradi aongeze kwenye hesabu bei ya miaka ambayo maji hayapo.

Sasa tuna Bwawa la Julius Nyerere. Mkataba wake na kampuni za Misri ulisainiwa Desemba 2018, maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaingia kwenye gridi mwanzoni mwa 2024, na mwaka 2025 mitambo yote 9, kila mmoja wa megawati 235, ikawa imekamilika. Jumla ni megawati 2,115, kwa nchi ambayo mahitaji yake ya juu mwishoni mwa 2024 yalikuwa karibu megawati 1,900. Ni kazi kubwa, na mjadala kuhusu kama ilifaa kujengwa umepitwa na wakati, kwani ukuta umesimama. Lililobaki ni kuangalia ramani. Mtera na Kidatu zipo kwenye Ruaha Mkuu. Mto Kihansi unaingia Kilombero. Na Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu ndiyo mito inayoulisha Rufiji, ambako limejengwa Bwawa la Nyerere. Mabwawa yetu manne makubwa ya umeme yamo katika bonde moja, na bwawa moja kati ya hayo lina zaidi ya nusu ya uwezo wa mitambo yote iliyounganishwa na gridi. Vituo vya maji vilivyo nje ya bonde hilo, kama vile vya Pangani na Rusumo, ni vidogo. Mvua zikigoma katika nyanda za Mbeya, Iringa na Morogoro, zinagoma kwa yote manne.

Zipo hoja mbili nzito za kupinga wasiwasi huu. Ya kwanza ni ya ukubwa: Bwawa la Nyerere linaweza kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, mara nyingi kuliko Mtera, kwa hiyo linaweza kuvuka mwaka mmoja mbaya kwa akiba ya mwaka mzuri. Hoja hiyo ni ya kweli na inapunguza hatari, lakini haiiondoi. Ukame unaotuumiza ni ule wa misimu mfululizo. Na maji yaliyozuiwa ukutani yana wadai chini yake, kuanzia wakulima wanaofuata unyevu wa mafuriko hadi msitu wa mikoko wa delta, ambao ni mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki. Hoja ya pili ni kwamba umeme sasa umezidi, kwa nini tuhangaike? Jibu limo katika kumbukumbu za juzi. Miezi ya mwisho ya 2023 tulikuwa kwenye mgawo. Machi 2024, mvua zikiwa nyingi, shirika la umeme, TANESCO, lilizima baadhi ya vituo vya maji kwa sababu umeme ulikuwa mwingi kuliko watumiaji. Kati ya dhiki ile na neema hii haikupita hata nusu mwaka. Ni kweli mtambo mpya ulikuwa umeingia, lakini mvua nayo ilikuwa upande wetu, na ziada inayokuja na mvua huondoka nayo.

Gesi asilia ndiyo iliyotuonyesha faida ya kuwa na chanzo chenye siku mbaya tofauti. Iligunduliwa Songo Songo 1974 na Mnazi Bay 1982, lakini ile ya Songo Songo ilianza kufua umeme 2004. Bomba kubwa kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam likakamilika 2015, mwaka uleule mabwawa yalipokauka, na mitambo ya gesi ndiyo iliyobeba mzigo. Gesi haijali mvua wala saa. Kasoro zake ni za aina nyingine. Huisha, kila uniti inayofuliwa huiondoa ardhini moja kwa moja. Sehemu kubwa ya akiba ya futi za ujazo trilioni 57 tunayojivunia ipo bahari kuu, na kuitoa huko kunahitaji uwekezaji ambao mazungumzo yake yamechukua miaka mingi. Visima na mitambo vikiingia kwenye matengenezo, megawati nyingi hutoka kwa mkupuo. Na vurugu za Mtwara za 2013 zilikumbusha kwamba rasilimali ikipita mlangoni kwa mtu bila yeye kuona faida, bomba huwa ni suala la siasa. Kwa upande wa hewa, tukihesabu tangu ujenzi hadi matumizi, uniti moja ya gesi hutoa takribani gramu 490 za hewa ukaa. Ya makaa ya mawe takribani 820. Ya maji takribani 24. Ya upepo takribani 11.

Makaa ya mawe tunayo Ruvuma, Njombe na Songwe, nayo yanaweza kutoa umeme usiku na mchana. Lakini ubaya wake hauna siku: moshi, majivu na vumbi humfuata jirani wa kituo mwaka mzima. Kenya ilipopanga kituo cha megawati 1,050 Lamu, baraza la rufaa la mazingira lilifuta kibali chake Juni 2019, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na athari hazikuchambuliwa vya kutosha. Nyuklia haina moshi, ila ina tatizo la kipimo. Wahandisi hushauri mtambo mmoja usizidi takribani asilimia 10 ya gridi, ili ukijizima ghafla usizime nchi nzima. Kinu cha kawaida cha nyuklia kina megawati 1,000 hivi, na kwenye gridi ya megawati 2,000 hiyo ni nusu ya mzigo wote. Vinu vidogo vinasubiriwa, lakini kupanga bajeti ya leo kwa kinu ambacho hakijauzwa popote kwa wingi ni kubahatisha.

Jua lina kasoro ambayo kila mtu anaijua, na nyingine inayofichwa na tarakimu. Inayojulikana ni usiku. Iliyofichwa ni kwamba megawati hupima nguvu, wakati uniti hupima kazi iliyofanyika. Kituo cha Garissa nchini Kenya, chenye megawati 50 na kilichozinduliwa 2019, kwa mwaka mzima hufanya kazi sawa na kuwaka kwa nguvu zote takribani moja ya tano tu ya muda. Mtambo wa jotoardhi wenye megawati hizohizo 50 hukaribia tisa ya kumi, kwa hiyo hutoa uniti zaidi ya mara nne. Mwanasiasa akitangaza megawati za jua na za jotoardhi kwa pumzi moja, kama vile ni sawa, anajumlisha vitu viwili. Hata hivyo gharama ya umeme wa jua kwenye vituo vikubwa imeshuka duniani kwa takribani asilimia 90 tangu 2010, na kituo cha jua hujengwa kwa miezi, si kwa muongo.

Lakini uzuri mkubwa wa jua kwetu ni kalenda yake. Kiangazi kinapoanika mito, anga ni jeupe na paneli zinafanya kazi vizuri. Siku mbaya ya maji ni siku nzuri ya jua. Na kwa kuwa bwawa ni ghala, kila uniti ya jua inayoingia kwenye gridi saa sita mchana ni maji yaliyobaki nyuma ya ukuta, yakingojea saa moja jioni. Kituo cha jua cha Kishapu, Shinyanga, ambacho awamu yake ya kwanza ni megawati 50, kikitazamwa peke yake ni kidogo mbele ya Bwawa la Nyerere na kinaonekana kama mapambo. Kikitazamwa pamoja nalo, kinaongeza umri wa maji ya bwawa hilo katika mwaka mbaya. Akiba haiozi, na hii ni akiba isiyohitaji betri hata moja, kwa kuwa betri ilishajengwa Rufiji.

Kwa upepo na jotoardhi tuwaangalie majirani, kwa sababu wametangulia na wamelipa ada ya kujifunza. Karibu na Loiyangalani, Marsabit, nchini Kenya, kuna mitambo ya upepo 365 yenye jumla ya megawati 310, kwenye mkondo wa hewa unaobanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, na unaovuma kwa nguvu zaidi usiku kuelekea asubuhi. Ilisimama tayari 2017, lakini laini ya kilomita 428 ya kufikisha umeme Suswa ilikamilika Septemba 2018, na Serikali ikabeba fidia ya mabilioni ya shilingi kwa umeme usiomfikia mtu. Oktoba 2021 mahakama ikaamua kwamba hati za ardhi ya mradi hazikupatikana kwa kufuata utaratibu. Olkaria nako, kwenye mvuke wa jotoardhi, visima vya kwanza vilichorongwa miaka ya 1950 na mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawaka 1981. Leo jotoardhi hutoa takribani asilimia 40 ya umeme wa Kenya. Ada yake ilikuwa visima vya mamilioni ya dola ambavyo vingine havikutoa mvuke, familia za Wamaasai zilizohamishwa, na mvuke unaoachwa upotee usiku wa manane wakati watumiaji wamelala.

Je, mseto huo wa vyanzo umewasaidia Wakenya? Linganisha vipindi viwili. Ukame wa 1999 na 2000 uliikuta Kenya ikitegemea maji kwa sehemu kubwa ya umeme wake, nayo ikaingia kwenye mgawo mkali. Kati ya mwishoni mwa 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, ukame mbaya kuliko mwingine wowote kwa miaka 40. Mifugo ilikufa kwa mamilioni, lakini nchi haikurudi kwenye mgawo kama ule wa 2000. Mvuke wa Olkaria haukuwa na habari kwamba mvua haijanyesha.

Hapo msomaji makini atauliza: kama mseto ni mzuri hivyo, mbona Mkenya analipa umeme ghali kuliko Mtanzania? Swali ni la haki. Sehemu kubwa ya jibu imo kwenye mikataba: malipo kwa dola, na vifungu vinavyoilazimu kampuni ya umeme kulipia uwezo wa mtambo hata usipotumika. Kwa hiyo mseto unaojengwa kwa mikataba mibovu huhamisha tu mzigo kutoka gizani kwenda kwenye ankara. Lakini bei ya chini ya Mtanzania nayo haijaandikwa yote kwenye mita za LUKU. Sehemu yake ililipwa na kinyozi aliyefunga duka siku za mgawo, na nyingine ikabaki kama madeni ya mitambo ya dharura, ambayo mwishowe mlipakodi ndiye anayeyabeba.

Mseto pia unaweza kuvuka mipaka. Mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, wengi walikasirika: tununue vipi wakati tuna Bwawa la Nyerere? Hasira hiyo inasahau kwamba sehemu ya umeme unaosafiri kutoka Rufiji hadi Arusha hupotea njiani, na laini inayoleta inaweza pia kupeleka. Mvua za nyanda za juu za Ethiopia zina msimu wake, tofauti na wetu. Kasoro ipo: anayetegemea swichi ya jirani hutegemea pia utulivu wa jirani. Ndiyo maana umeme wa nje unafaa uwe nguzo mojawapo, usiwe paa zima.

Hoja hii haimtaki mtu aache chanzo chochote kwa sababu ya shinikizo la nchi zilizotajirika kwa makaa ya mawe. Mchango wetu katika kuchafua hewa ya dunia ni mdogo, na nchi inayohitaji umeme ina haki ya kuupata. Inachotaka ni mpangilio. Maji yabaki kuwa ghala na nguzo kuu. Gesi itunzwe kwa ajili ya ukame na jioni, isichomwe mchana wa jua kali. Jua na upepo viongezwe kwa kasi, ikiwamo ukanda wa Singida na Makambako wenye upepo wa kuaminika. Uchorongaji wa jotoardhi Ngozi, Mbeya, upewe subira ileile ambayo Olkaria ilipewa. Na yote yaanze sasa, katika miaka ya ziada, kwa sababu ndiyo miaka pekee ambayo nchi inaweza kukaa mezani na mwekezaji, ikapinga bei, ikasoma vifungu na kusema hapana. Mradi ukitangazwa kesho, kabla ya kushangilia megawati zake tuulize mambo matatu: utatoa uniti ngapi kwa mwaka, siku yake mbaya ni ipi, na siku hiyo imeshachukuliwa na mitambo mingapi tuliyo nayo. Jibu la swali la tatu likiwa ni kwamba karibu yote itaanguka siku hiyohiyo, fedha hizo zinastahili kwenda kwingine.